Kabla ya Sindano ya Damu, Pima Chuma

Huja nayo dada, mke au binti mkubwa wa mgonjwa: chupa ya maji ya lita moja na nusu, imejazwa juisi nyekundu ya rozela au bitiruti, au maji ya matembele yaliyosagwa. "Daktari, damu yake imeshuka mpaka saba. Tunamnywesha hii asubuhi na jioni." Mapenzi yaliyomo katika chupa ile siyatilii shaka hata kidogo. Lakini kwa mtu ambaye figo zake zimechoka sana, juisi za majani na bitiruti humwongezea potasiamu, madini ambayo figo mbovu hushindwa kuyatoa, na yakizidi huweza kuusimamisha moyo. Damu yenyewe haipandi, na ndugu hubaki wakishangaa, kwa sababu mjamzito wa jirani alikunywa hiyohiyo na akapona.

Mjamzito yule alipungukiwa chuma tu. Mgonjwa wa figo ana shida zaidi ya moja, na zinashikana.

Ya kwanza inajulikana kidogo. Figo hazichuji damu na kutengeneza mkojo tu. Hutengeneza pia homoni iitwayo erithropoetini, ambayo huenda kwenye uboho wa mifupa kuuamuru uzalishe seli nyekundu. Figo zikifa, amri hiyo hufifia. Wanasayansi waliihangaikia homoni hii miaka mingi. Mwaka 1977 Eugene Goldwasser wa Chicago alifaulu kuisafisha, naye aliipata kutoka lita 2,550 za mkojo wa wagonjwa wa Japani ambao uboho wao ulikuwa umeshindwa kufanya kazi, mkojo uliokusanywa na daktari mwenzake, Takaji Miyake. Lita zote hizo zilitoa miligramu chache tu. Marekani iliidhinisha sindano iliyotengenezwa maabara mwaka 1989. Kabla ya hapo, wagonjwa wengi wanaosafishwa damu kwa mashine waliishi kwa kutundikiwa damu ya watu wengine.

Ndiyo maana leo familia ikisikia "damu ya figo" huwaza sindano hiyo mara moja, na huuza mbuzi ili kuinunua. Hapo ndipo moyo wangu huuma, kwa kuwa mara nyingi mgonjwa amechomwa wiki nyingi mfululizo na hakuna aliyewahi kupima chuma chake. Uboho umeamriwa utengeneze damu, na chuma cha kutengenezea hakipo. Ni kumlipa fundi kila Jumamosi wakati matofali hayajafika kiwanjani.

Chuma kimekwenda wapi? Kingine kimemwagika. Mwili wa mtu mzima una gramu 3 hadi 4 za chuma basi. Mgonjwa anayesafishwa damu kwa mashine hupoteza gramu 1 hadi 2 kwa mwaka, wengine zaidi: damu inayobaki kwenye mipira na kichujio, vipimo vya mara kwa mara, mahali sindano ilipochoma. Utumbo wenye afya hufyonza miligramu 1 au 2 kwa siku, yaani hata gramu moja haitimii kwa mwaka mzima. Piga hesabu mwenyewe uone kama chakula kitaziba pengo hilo.

Kingine kipo, ila kimefungiwa. Ini hutoa homoni iitwayo hepsidini, na kazi yake ni kufunga milango ambayo chuma hupitia kutoka kwenye utumbo na kwenye seli zinazokihifadhi. Homoni hii imefahamika tangu mwanzoni mwa karne hii tu. Katika maambukizi humsaidia mtu, kwani vijidudu navyo hupenda chuma. Kwa mgonjwa wa figo, hata hivyo, mwili huwa kama wenye homa isiyoisha, na figo zilizopaswa kuipunguza hepsidini zimelala. Milango hubaki imefungwa mwezi baada ya mwezi.

Vipimo viwili hutenganisha ghala tupu na ghala lililofungwa. Feritini huonyesha akiba. Kipimo cha pili huonyesha ni asilimia ngapi ya transferini, protini inayosafirisha chuma ndani ya damu, imepakia mzigo. Feritini ikiwa chini ya 100 kwa ambaye bado hajaanza mashine, au chini ya 200 kwa aliyeanza, na transferini ikiwa chini ya asilimia 20, ghala ni tupu. Mtego uko kwenye feritini peke yake: hupanda pia mwili ukiwa na uvimbe au maambukizi. Nimeona karatasi yenye feritini 450 ikapigiwa mstari, "chuma kinatosha", ilhali transferini ilikuwa asilimia 12. Mgonjwa huyo alikuwa na njaa ya chuma mlangoni pa ghala lililojaa.

Tena, ghala likiwa tupu, tutafute linakovujia. Choo cheusi kama lami, hedhi nzito, vidonda vya tumbo, safura kwa anayelima pekupeku. Muulize pia kama anakula udongo. Hamu hiyo mara nyingi huambatana na upungufu wa chuma, na udongo wenyewe huweza kukinasa chuma tumboni kisifyonzwe. Wengi huona aibu kusema, hivyo nauliza kwa upole, tukiwa wawili.

Kwa ambaye hajafika kwenye mashine, vidonge huweza kutosha, vikimezwa vizuri. Chai huzuia chuma. Vidonge vya kalsiamu ambavyo wagonjwa wa figo hupewa kupunguza fosfeti huzuia pia, basi vitenganishwe kwa saa kadhaa. Wala kumeza vitatu kwa siku si mara tatu ya faida, maana kidonge kimoja chenyewe hupandisha hepsidini kwa karibu siku nzima.

Aliye kwenye mashine huhitaji chuma cha mshipani. Watu hukiogopa, na kweli mzio mkali hutokea kwa nadra. Ndiyo sababu hutolewa palipo na dawa za dharura, na mgonjwa huangaliwa kwa nusu saa baadaye. Akiwa na homa, au mpira wa shingoni wa kusafishia damu umeingia vijidudu, tunasubiri. Ushahidi wa chuma cha mshipani ni mzuri. Utafiti uitwao PIVOTAL, uliofanyika Uingereza kwa wagonjwa 2,141 wa mashine na kuchapishwa mwaka 2019, ulionyesha kuwa waliopewa miligramu 400 kila mwezi, mpaka akiba ifike kikomo kilichowekwa, walipatwa na vifo na maradhi makubwa ya moyo kwa uchache kuliko waliosubiri chuma kipungue ndipo wapewe. Walihitaji pia erithropoetini pungufu kuliko wenzao. Kwa familia iliyouza mbuzi, hilo ni jambo kubwa.

Sindano ya erithropoetini ina nafasi yake, chuma kikishapimwa na kurekebishwa. Lakini hatuifukuzii damu ya kijana mzima. Utafiti wa TREAT wa mwaka 2009 uliwapandisha wagonjwa wa kisukari na figo himoglobini yao, yaani kile kipimo cha damu, kuelekea 13, na kiharusi kikawapata karibu mara mbili. Wengi tunawaacha kati ya 10 na 11.5.

Inabaki kutundikiwa damu. Anayetokwa damu nyingi, au ambaye moyo umeanza kushindwa, atundikiwe bila kuchelewa. Kwa wengine nasitasita. Kila chupa huweza kuufundisha mwili kuzitambua na kuzishambulia seli za watu wengine, hata za figo ya kupandikizwa. Hospitali ya Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza mwaka 2017, na tumaini hilo sasa liko karibu na watu wetu. Kaka anajitolea figo, anapimwa, kisha maabara inajibu kwamba mwili wa mdogo wake tayari una silaha dhidi yake. Kwa hiyo chupa ya damu ikiletwa kitandani kwa mtu aliye na nafasi ya kupandikizwa, nauliza kwanza: feritini na transferini zimepimwa lini?