Kopo la kunasa oili

Kopo la kunasa oili ni chombo kidogo cha chuma au plastiki kinachofungwa kwenye injini ya gari ili kutenga matone ya oili na gesi inayotoka chini ya injini, kabla gesi hiyo haijarudi kwenye silinda. Magari mengi hayatoki nalo kiwandani. Mwenye gari hulinunua na kulifunga baadaye.

Chanzo cha gesi

Mafuta yanapoungua ndani ya silinda, sehemu ndogo ya gesi hupenya kando ya ringi za pistoni na kushuka mahali inapozunguka krankishafti. Huko huchanganyika na matone ya oili, mvuke wa maji na mabaki ya mafuta. Ikikosa njia ya kutoka, shinikizo hupanda na oili husukumwa nje kupitia sili. Zamani gesi hiyo ilitolewa hewani kwa bomba. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, kutokana na uchafuzi wa hewa jimboni California, Marekani, watengenezaji walianza kuirudisha kwenye njia ya hewa ya injini ili iungue. Tangu hapo oili kidogo hupita humo pia.

Namna linavyofanya kazi

Kopo hufungwa katikati ya mpira unaopitisha gesi. Ndani mna wavu au vizuizi. Matone hugonga vizuizi hivyo, huungana na kudondoka chini, na gesi huendelea na safari yake.

Injini zinazofaidika

Katika injini nyingi za petroli, kama 1NZ-FE ya Toyota, nozeli hunyunyiza petroli nyuma ya vali za kuingizia hewa na hivyo kuziosha. Hapo faida ya kopo ni ndogo. Injini za Toyota D-4, zilizoanza mwaka 1996, hunyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Mfano ni 1AZ-FSE iliyofungwa kwenye baadhi ya Toyota Noah. Vali zake hazioshwi, hivyo oili hugandamana juu yake na kuwa masizi. Injini za dizeli zenye turbo nazo hukusanya oili kwenye kipoza hewa. Kopo hupunguza uchafu unaoingia; haliondoi masizi yaliyokwisha kuganda.

Hasara na tahadhari

Kopo lisipomwagwa hujaa, na likiziba shinikizo hurudi kwenye sili. Mpira uliopasuka au kulegea huweza kuvuta hewa isiyochujwa. Hilo ni hatari zaidi kwenye barabara za vumbi, kama za vijijini mkoani Simiyu, ikiwemo kata ya Shishiyu. Vumbi hula ringi na silinda, na ringi zikilika gesi inayopenya huongezeka.

Kwa sababu hiyo, kopo si tiba ya injini iliyochoka. Moshi mwingi unaotoka kwa nguvu kifuniko cha oili kinapofunguliwa injini ikiwa inaunguruma taratibu ni dalili ya kupima mgandamizo wa silinda kwanza. Kwa gari la kawaida, kubadilisha oili kwa wakati na kutunza kichujio cha hewa huilinda injini kuliko kopo.

Oili iliyonaswa huwa na maji na mafuta, hivyo hairudishwi kwenye injini wala kumwagwa ardhini au karibu na kisima.