Varista: Kidonge Kinachoilinda Televisheni Yako

Fungua ekstensheni yenye kinga ya umeme, utakikuta ndani: kidonge bapa, aghalabu cha buluu, kipana kama sarafu, chenye miguu miwili ya waya. Hicho ndicho varista. Wengi huamini kuwa taa nyekundu ya swichi ndiyo inayolinda televisheni. Taa ile huonyesha tu kwamba umeme upo.

Kidonge hiki ni chembechembe za oksidi ya zinki zilizochomwa hadi zikashikamana. Kila chembe mbili zinapogusana pana kizuizi chembamba kinachohimili takriban volti 3. Zikipangana zaidi ya 100, umeme wetu wa kawaida, volti 230 au 240, haupenyi. Lakini radi ikipiga jirani, au umeme ukirudi kwa kishindo baada ya kukatika, vizuizi vyote hufunguka ndani ya muda ulio chini ya sehemu moja ya milioni ya sekunde. Mkondo wa ziada hupita humo, televisheni ikasalimika, kisha vizuizi hujifunga tena. Mjapani Michio Matsuoka alichapisha maelezo ya tabia hii mwaka 1971.

Kila pigo, hata hivyo, hukidhoofisha kidonge. Mwishowe huanza kuvujisha umeme na kupata joto, na kisipokuwa na fyuzi ya joto kinaweza kuwaka moto. Kinga iliyokaa ukutani miaka mingi huenda ilikwisha kufa zamani, taa yake ingali inawaka.

Linaloniudhi zaidi ni ethi. Katika kinga nzuri, baadhi ya varista huelekeza mkondo wa ziada kwenye waya wa ethi, ule wa kijani wenye mstari wa njano. Pasipo ethi, hazina pa kuupeleka. Na bado madukani zimejaa ekstensheni za bei poa zenye plagi ya pini tatu na nyaya mbili tu ndani. Nyumbani tunachokonoa tundu la juu, lile la ethi, kwa kalamu ili plagi ya pini mbili iingie. Nje, fimbo ya ethi imechomekwa kwenye mchanga mkavu usiopitisha umeme ipasavyo, au imemwagiwa chumvi inayoila. Kisha friji na redio zikigeuka taka, tunalilaumu shirika la umeme.

Varista zimo pia kwenye chaja, mashine za kufulia, inveta za sola, hata vikingaradi vya transfoma nguzoni.

Hakuna varista ya nyumbani itakayostahimili radi inayoipiga nyumba yenyewe, kwa hiyo mawingu yakitanda chomoa plagi na waya wa antena. Na kabla ya masika, mwite fundi mwenye leseni aipime ethi yako kwa mita, wewe ukiwa umesimama pale unaona.