Vidonge Vitatu vya Kliniki: Swali Walilolijibu Akina Mama wa Handeni na Korogwe

Mjamzito akifika kliniki Handeni au Korogwe, mimba yake ikiwa imevuka miezi mitatu ya mwanzo, muuguzi humpa vidonge vitatu vya SP, dawa ya kumkinga na malaria, na kikombe cha maji, akamtazama anavyovimeza palepale. Kisha huandika kwenye kadi, na mama huendelea na safari yake. Mwezi unaofuata, akirudi, hupewa vingine vitatu. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Nyuma ya vidonge hivyo vitatu kuna maabara, mizani, kumbukumbu za maelfu ya wajawazito, na ubishi mkubwa wa wataalamu wa malaria duniani. Sehemu ya ubishi huo iliamuliwa kwetu, mkoani Tanga.

Mimi ni mkunga. Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi imepita katika wodi za wazazi za wilaya hizi mbili. Naandika kwa sababu akina mama wa hapa walisaidia kutoa jibu ambalo madaktari wa nchi nyingi za Afrika wanalitumia leo, na ninapowauliza majirani zangu, wengi hawajawahi kulisikia.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Korogwe imelazwa kando ya Mto Pangani, penye mabonde ya mpunga na mashamba ya mkonge. Handeni ni kukavu zaidi. Watu na ng'ombe hutegemea malambo, na maji yaliyotuama hukaribisha mbu. Masika yakiisha, malaria hupanda. Tumefanya kazi kubwa kuipunguza: watafiti waliokuwa wakipima damu za watoto na vijana katika kijiji kimoja cha bondeni Korogwe waliona walio na vimelea wakishuka kutoka asilimia 78 mwaka 2003 hadi asilimia 13 mwaka 2008. Lakini kupungua si kwisha, na mjamzito ana hatari yake ya pekee.

Hatari hiyo iko kwenye kondo la nyuma. Vimelea vya malaria hujua kujishikiza humo, katika njia ambayo mtoto hupokelea chakula na hewa kutoka kwa mama. Mama anaweza kuwa mzima machoni, hana homa, anapika na kulima, huku kondo lake limejaa vimelea na mtoto anakosa riziki yake. Mwenye mimba ya kwanza ndiye huathirika zaidi, kwa kuwa mwili wake haujawahi kukutana na vimelea vya namna hiyo. Matokeo tunayaona chumba cha kujifungulia: mtoto njiti, mtoto wa kilo mbili, mama aliyepungukiwa damu, na wakati mwingine mtoto asiyelia.

Ndiyo maana mjamzito hupewa dawa hata kama hajaumwa. SP, ambayo wengi waliijua kwa jina la Fansidar, ilikuwa dawa ya kwanza ya kutibu malaria Tanzania kuanzia mwaka 2001, ikichukua nafasi ya klorokwini. Vimelea vikaizoea upesi. Mwishoni mwa mwaka 2006 nchi ikahamia dawa ya mseto, na SP ikabakizwa kwa kazi moja: kuwakinga wajawazito. Tatizo ni kwamba kaskazini mashariki mwa Tanzania, yaani kwetu hapa, ni miongoni mwa sehemu za Afrika ambako vimelea vimejenga usugu mkubwa dhidi ya dawa hiyo. Katika mafunzo ya kazini swali lilikuwa likirudi kila mara: kwa nini tunaendelea kumpa mama dawa ambayo haiwezi tena kumtibu mgonjwa?

Mbadala ulikuwepo. Ni dawa ya mseto iitwayo dihydroartemisinini-piperakwini, kwa kifupi DP. Huua vimelea vizuri na hukaa mwilini wiki kadhaa. Mwaka 2016 watafiti wa Uganda walitangaza matokeo kutoka Tororo, kwa wajawazito 300. Waliomeza SP, nusu yao walikutwa na dalili za malaria kwenye kondo. Waliomeza DP kila mwezi, ilikuwa asilimia 27. Watoto wa kundi hilo la DP nao walitia moyo. Lakini wajawazito 300 ni wachache mno kwa uamuzi wa kubadilisha dawa ya bara zima. Ulihitajika utafiti mkubwa, tena mahali ambako SP imeshazoeleka kabisa na vimelea.

Hapo ndipo zilipoingia Handeni na Korogwe. Kati ya Machi 2018 na Julai 2019, wajawazito 4,680 wa Kenya, Malawi na Tanzania waliandikishwa katika utafiti uliopewa jina la IMPROVE. Upande wa Tanzania ulikuwa katika wilaya hizi zetu mbili, chini ya watafiti wa kituo cha Tanga cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, ambao wana maabara Korogwe. Wajawazito waligawanywa makundi matatu. La kwanza lilipewa SP kila mwezi. La pili DP kila mwezi. La tatu DP kila mwezi pamoja na dozi moja ya azithromaisini mwanzoni, dawa ya kuua bakteria, kwa kuwa maambukizi ya bakteria nayo huwadhuru watoto walio tumboni. Kundi la pili lilipewa vidonge vinavyofanana na azithromaisini ila havina dawa, ili kati ya makundi hayo mawili kusiwe na mtu wa kuhukumu kwa macho.

Nani aende kundi gani? Hapa ndipo ndugu wengi hushtuka. Si daktari aliyechagua, wala mama mwenyewe. Ni bahati nasibu. Sababu yake ni ya haki. Tungeruhusiwa kuchagua, tungempa dawa mpya yule tunayemwonea huruma, dhaifu zaidi au maskini zaidi, na mwisho tusingejua kama tofauti ilitokana na dawa au na hali ya mama. Bahati nasibu huyafanya makundi yafanane, hata tofauti ikitokea tuwe na haki ya kusema ni dawa.

Watu hudhani utafiti wa tiba ni kazi ya daktari mmoja mwenye darubini. Kwa mjamzito mmoja wanahitajika watu wa fani nyingi. Mtaalamu wa ultrasaundi lazima ahakikishe umri wa mimba, maana huwezi kumwita mtoto njiti kama hujui alipaswa kuzaliwa lini, na akina mama wengi huhesabu mimba zao kwa mavuno ya mahindi au mwezi wa Ramadhani. Mfamasia hulinda dawa na hesabu yake. Mtu wa maabara husoma damu. Mkunga humpima mtoto mara anapozaliwa, kwa mzani uliosawazishwa, kwa sababu gramu mia moja zikipotea kwa uzembe wa mzani zinaweza kugeuza jibu la utafiti. Daktari wa watoto hufuatilia wiki zake za kwanza. Mtaalamu wa patholojia hukagua kipande cha kondo. Mwisho huja mtaalamu wa takwimu, ambaye hajawahi kumwona mama hata mmoja, naye ndiye hutueleza kama tulichokiona ni kweli au ni bahati tu.

Hicho kipande cha kondo kina habari yake. Katika ukanda wetu kondo huzikwa kwa heshima, na hadithi za mumiani, wanyonya damu wa kubuniwa, zimewatisha watu tangu enzi za mababu. Mtafiti akichukua damu kwenye chupa ndogo, lazima minong'ono izuke. Nakumbuka bibi mmoja aliyemsindikiza mjukuu wake kujifungua akaniuliza, “Mwanangu nesi, hicho mnachokikata mnakipeleka wapi, na nani kawaruhusu?” Nilimjibu, “Bibi, tunakata kipande kidogo kama ncha ya kidole, kinakwenda kuangaliwa kama malaria ilimfikia mtoto. Kilichobaki ni chenu, mtakizika wenyewe. Na aliyeruhusu ni mjukuu wako. Angekataa, tungemzalisha vilevile.” Bibi akamgeukia mjukuu, akamtaka arudie kwa mdomo wake mwenyewe kwamba alikubali. Akarudia. Swali la bibi lilikuwa la haki kabisa, na kila anayefanya utafiti kwa binadamu lazima awe tayari kulijibu hivyo, kwa lugha ya aliyeuliza.

Matokeo yalichapishwa Machi 2023 katika jarida la Lancet la Uingereza, jina la kwanza katika orodha ya waandishi likiwa la Mwayiwa Madanitsa wa Malawi. Watafiti walikuwa wamehesabu kila jambo baya: mimba kuharibika, mtoto kufia tumboni, kuzaliwa njiti, kuzaliwa na uzito pungufu au mdogo kuliko umri wa mimba, na kufariki ndani ya siku 28 za kwanza. Kati ya waliomeza SP, asilimia 23.3 walipatwa na mojawapo. Kati ya waliomeza DP, asilimia 27.9. Waliomeza DP na azithromaisini, asilimia 27.6. Malaria yenyewe ilikuwa imepungua zaidi kwa waliomeza DP, kama ilivyotarajiwa. Dawa mpya ilivishinda vimelea, lakini watoto wa dawa ya zamani ndio waliotoka katika hali nzuri zaidi.

Soma tena sentensi hiyo, kwa sababu ndiyo kiini cha makala hii. Kama tungepima vimelea peke yake, tungeitupa SP na kusherehekea. Tulipompima mtoto, jibu liligeuka.

Inakuwaje dawa iliyoshindwa na malaria imsaidie mtoto? Jibu kamili bado linatafutwa, lakini mwelekeo unaonekana. SP ina salfa, na salfa hupambana pia na bakteria. Inaelekea husaidia kwa njia nyingine zisizohusu malaria, na akina mama wanaoitumia huongezeka uzito vizuri zaidi wakati wa mimba. Mama akinenepa inavyostahili, mtoto naye hukua. DP, kwa upande wake, hulinda dhidi ya malaria. Kwa hiyo hatua iliyofuata ilikuwa ya wazi: kuzijaribu mbili pamoja, na majaribio ya namna hiyo yameshaanza, ikiwemo nchini Uganda.

Hii si mara ya kwanza Tanga kuufundisha ulimwengu jambo lisilotarajiwa. Hospitali za Korogwe na za jirani zetu wa Muheza zilikuwa miongoni mwa hospitali 11 za nchi tisa za Afrika zilizolinganisha sindano ya artesuneti na kwinini kwa watoto 5,425 wenye malaria kali. Mwaka 2010 ikajulikana kwamba waliopewa kwinini walifariki asilimia 10.9, na waliopewa artesuneti asilimia 8.5. Kwinini, tuliyoitegemea tangu zamani, ikaachia nafasi. Mwaka uliofuata ukaja utafiti mwingine, ambao Muheza ilishiriki pamoja na Kilifi ya Kenya na hospitali za Uganda. Madaktari waliamini kwamba mtoto mwenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu aingiziwe dripu haraka na kwa wingi. Katika watoto 3,141, walioingiziwa dripu hiyo ya haraka walikufa zaidi, karibu asilimia 10.6 ndani ya saa 48, kuliko asilimia 7.3 ya wale ambao hawakuingiziwa. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake. Korogwe pia ilikuwa kituo cha majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S, ambayo Shirika la Afya Duniani lilipendekeza itumike kwa watoto Oktoba 2021.

Matokeo ya tafiti hizo mbili za hospitali na ya IMPROVE nimeyaweka pamoja makusudi. Dawa mpya ilikuwa bora kweli katika malaria kali. Katika dripu, desturi nzuri ilikuwa inaua. Kwa wajawazito, dawa iliyodharauliwa ilikuwa bado na kazi. Hakuna aliyeweza kuyakisia majibu yote matatu akiwa ameketi ofisini, hata awe profesa wa aina gani.

Basi, ukiombwa wewe, au binti yako, au mtoto wako kushiriki utafiti, usikimbie na usikubali kwa aibu. Uliza: Mnataka kujua nini? Nitapewa nini, na wenzangu watapewa nini? Kuna hatari gani? Nikiumia nani atanitibu? Naweza kutoka katikati bila kunyimwa huduma? Kamati gani imeupitisha? Tanzania, utafiti wa afya lazima upitishwe na kamati ya maadili, na wa dawa lazima pia uidhinishwe na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Fomu ya ridhaa lazima isomwe kwa lugha unayoielewa, na asiyejua kusoma ana haki ya kuwa na shahidi. Mtafiti anayekasirishwa na maswali haya hafai kupewa damu yako.

Nina neno pia kwa watafiti na viongozi. Akina mama waliokubali kupangwa kwa bahati nasibu, wakatoa damu na kuruhusu kondo zao zikatwe, wanastahili kuambiwa walichokigundua. Kiandikwe kwa Kiswahili, kisomwe kwenye mikutano ya vijiji, kibandikwe kwenye ukuta wa kliniki. Jarida la Uingereza halifiki Mkata ya Handeni wala Mombo ya Korogwe.

Na kwa mjamzito anayesoma haya leo: anza kliniki mapema, mimba ikiwa bado changa. Lala ndani ya chandarua chenye dawa. Kama unatumia dawa za kuzuia magonjwa nyemelezi za wenye VVU, mwambie muuguzi, kwa kuwa hizo haziendi pamoja na SP. Vinginevyo, ukipewa vidonge vitatu, vimeze, na mwezi ujao rudi kwa vingine. Jirani akikwambia ni dawa iliyopitwa na wakati, mweleze kwamba wanawake wa Handeni na Korogwe wameipima wenyewe, na majibu yao yanawalinda watoto wengi wasiowajua.