Folda ya Kontrakta: Jina la Kwenye Jalada Lilingane na Jina la Kwenye Simu

Kama unafanya kazi ya mjengo Kisii au Nyamira, unajua kwotesheni ikishatoka mkononi mwako inaanza safari yake. Ya kujenga madarasa inaenda kwa mwalimu mkuu, halafu kwa mwenyekiti wa bodi, halafu kwa mzazi mmoja ambaye "anaelewa mambo ya BQ". Ya nyumba ya familia inasomwa mezani na mama, shemeji na mzee wa boma, kisha picha zinatumwa kwa kijana aliye Minnesota ambaye ndiye mwenye pesa. Katika hiyo safari yote wewe haupo kujieleza. Folda ndiyo inaongea.

Ndiyo maana makontrakta wengi siku hizi wanachapisha folda zenye nembo na jina la kampuni. Ni wazo zuri, lakini pesa nyingi huliwa na vitu visivyosaidia, kama rangi za dhahabu na maandishi ya kung'aa. Swali ambalo mteja hujiuliza kabla ya kutuma dipositi ni moja tu: "Nikituma hii pesa, itasoma jina gani?" Folda nzuri humjibu kabla hajauliza.

Kwanza, ujue folda inaenda wapi

Si kila mteja anahitaji folda. Tugawe mara tatu.

Mteja binafsi, shule, kanisa, duka au hoteli: hapa folda inafaa sana. Karatasi zako zinakaa pamoja, zinapita mikono mingi, na zinarudi zikiwa kamili.

Zabuni ya kaunti au taasisi ya serikali: hapa folda inaweza kukuponza. Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka 2015 inataka mzabuni aweke namba za mfululizo kwenye kurasa zake. Matangazo mengi ya zabuni pia hukataa karatasi zisizoshonwa pamoja, na mengine hutaja wazi kwamba faili za springi hazikubaliki. Ukiingiza karatasi kwenye mfuko wa folda, hata iwe maridadi namna gani, unaweza kutolewa hatua ya kwanza kabla bei yako haijasomwa. Halafu serikali imekuwa ikihamishia zabuni kwenye mfumo wa kielektroniki, kwa hivyo soma tangazo mstari kwa mstari kabla ya kutumia hata shilingi moja kwa mchapishaji.

Mteja aliye ng'ambo: huyu anataka PDF moja iliyopangwa vizuri, si picha 14 za WhatsApp zilizopinda. Tumia jalada lilelile la folda kama ukurasa wa kwanza wa PDF, ili anachokiona yeye Minneapolis na anachokishika mama yake Nyansiongo kifanane.

Ya kudumu yachapishwe, ya kuisha yawekwe ndani

Hii kanuni itakuokolea pesa kuliko nyingine yoyote. Kabla ya kuchapisha kitu chochote kwenye folda, jiulize: baada ya miaka miwili hiki kitakuwa bado kweli?

Jina la biashara jinsi lilivyosajiliwa, nembo, aina ya kazi unayofanya, mji ulipo na namba ya simu ya ofisi ambayo hutaibadilisha: hivi vyote vichapishe.

Leseni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, yaani NCA, huhuishwa kila mwaka. Makontrakta wamepangwa kuanzia NCA1 walio juu hadi NCA8 walio chini, na ukipanda daraja, folda zako 200 zenye maandishi "NCA8" zinakuwa karatasi za kuwashia moto. Cheti cha kulipa ushuru nacho kina muda wake, na kibali cha biashara cha kaunti vilevile. Hizo zote ni nakala za kuingiza kwenye mfuko wa ndani. Usisahau BQ, bei, ratiba ya kazi, na picha mbili tatu za kazi ulizomaliza, kwa ruhusa ya wenyewe.

Angalizo dogo ambalo huwachanganya watu: PIN ya KRA ni namba ya ushuru, na mteja anaweza kuihitaji kwa ajili ya invoisi ya eTIMS. PIN ya pesa kwenye simu ni siri yako peke yako. Hiyo ya pili haina kazi kwenye folda, kwenye fomu, wala kwenye mazungumzo na mtu yeyote, hata akisema anapiga simu kutoka kwetu.

Na till namba je?

Hapa ndipo penye uzito. Folda yako ikisema jina moja na simu ya mteja ikaonyesha jina lingine, mteja anasita. Na ana haki ya kusita. Matapeli wanajua kontrakta huomba dipositi. Anachohitaji tapeli ni kumtumia mteja meseji kwamba "namba ya malipo imebadilika".

Kwa hivyo fanya hivi:

1. Kama bado unapokea pesa kwa laini yako binafsi, usiichapishe kwenye folda. Sajili kwanza till au paybill kwa jina la biashara.
2. Jina la till lifanane na jina la kwenye jalada. Kama biashara imesajiliwa kwa jina moja na watu wanakujua kwa jina lingine, chapisha yote mawili ili mteja asishtuke.
3. Ukishakuwa na till yako mwenyewe, ichapishe ndani ya folda, juu ya mfuko, na chini yake sentensi moja: "Malipo yote ni kwa namba hii pekee. Kabla ya kuweka PIN, hakikisha simu inaonyesha jina letu. Ukiambiwa namba imebadilika, tupigie kwanza."
4. Kama till ni ya mshirika wako au umeazima, subiri. Till ya kuazima mwenyewe anaweza kuitaka siku yoyote, na folda ziko tayari kwa wateja.

Hiyo sentensi ya namba tatu haikuongezei gharama kwa mchapishaji, na inamlinda mteja hata siku ambayo wewe huna habari kwamba kuna mtu anajifanya wewe.

Ratiba ya malipo iendane na simu

Weka ndani ya folda ukurasa mmoja wa malipo kwa awamu. Chukua mfano wa kazi ya shilingi 640,000. Ukiomba asilimia 40 mwanzoni, hiyo ni 256,000. Laini ya kawaida haitumi zaidi ya shilingi 250,000 kwa muamala mmoja, wala zaidi ya 500,000 kwa siku. Mteja atajaribu, atakataliwa, na kichwani mwake kitu kitasema "kuna shida na hii kampuni", kumbe ni hesabu tu.

Ni rahisi kurekebisha. Andika wazi kwamba awamu ya kwanza italipwa mara mbili, 128,000 na 128,000, ya kwanza wakati wa kusaini na ya pili vifaa vikifika. Kisha 192,000 kuta zikifika kwenye linta, 128,000 paa likikamilika, na 64,000 za mwisho baada ya ukaguzi. Kila awamu iambatane na kitu ambacho mteja anaweza kukiona kwa macho. Acha nafasi ya kuandika tarehe na namba ya muamala, basi folda inakuwa pia kitabu cha kumbukumbu. Siku mkibishana nani alilipa nini, mnafungua folda.

Karatasi, mvua na boda

Gusii hunyesha karibu mwaka mzima, na folda yako itasafiri kwa boda kutoka Keroka hadi ndani kabisa. Karatasi laini ikipata manyunyu inajikunja kabla hujashuka.

Omba karatasi nzito ya gramu 300, au karibu hapo, na ipakwe laminesheni upande wa nje. Laminesheni ya kung'aa hufutika matope haraka. Ile isiyong'aa inaonekana ya kiofisi lakini rangi nyeusi huonyesha alama za vidole. Nyeupe tupu na udongo wetu mwekundu haviwezani.

Saizi iwe kubwa kidogo kuliko A4, ambayo ni milimita 210 kwa 297, la sivyo karatasi zitachungulia na kuchakaa pembeni. Mfuko mmoja wa kawaida hutosha karatasi kama 15. Kama BQ yako ni nene, omba folda yenye mgongo wa milimita 5. Mkato wa kuweka kadi ya biashara unasaidia, maana mteja huchomoa kadi na kumpa jirani.

Mpelekee mchapishaji nembo ikiwa faili halisi la mbunifu, si skrinshoti. Picha iliyopita WhatsApp mara tatu ikikuzwa inatoka na ukungu.

Ngapi, na kwa bei gani?

Bei hutofautiana, kwa hivyo uliza wachapishaji wawili au watatu mjini Kisii na Nyamira. Lakini elewa mtindo wa hesabu. Uchapishaji wa dijitali hauna gharama kubwa ya kuanzia ila kila folda ni ghali. Ule wa ofseti una gharama ya kuandaa bamba na kisu cha kukatia umbo, halafu kila folda ni nafuu.

Kwa mfano wa kujifunzia tu: dijitali ni shilingi 180 kila moja, ofseti ni 5,000 za maandalizi na 60 kila moja. Ukitaka folda 20, dijitali ni 3,600 na ofseti 6,200. Ukitaka 100, dijitali ni 18,000 na ofseti 11,000. Mahali zinapokutana ni folda kama 42. Kama kwa mwaka unapeleka kwotesheni 25 za maana, usishawishike kuchukua 500 "kwa sababu inashuka bei". Kwa kazi ndogo, kama kurekebisha geti au choo, karatasi mbili zilizobanwa zinatosha.

Na wewe pia ni mteja hapa. Omba sampuli moja iliyochapishwa, isome na mtu mwingine, piga hiyo till namba kwa shilingi 10 uone inasoma jina gani. Ndipo ulipe dipositi ya mchapishaji, kwa till ya duka lake, si kwa namba ya kijana aliyekuhudumia. Hifadhi meseji. Salio lipe baada ya kuhesabu folda na kufungua chache za katikati ya bunda, si za juu tu.