Kitabu cha wafuga majini kwenye begi la mwanao: kabla hujakichoma, kisome

Mzazi wa Tukuyu anayefungua begi la mtoto aliyerudi likizo kutoka bweni hutarajia nguo chafu, madaftari yaliyochanika na sabuni iliyobaki kipande. Akikuta kitabu cha Kiingereza cha zaidi ya kurasa 500, kinachosimulia watu wanaochora duara sakafuni na kuita majini, mambo hubadilika. Katika nyumba ambazo Jumapili ni ya kanisa na usiku haupiti bila sala, safari ya kitabu cha namna hiyo inaweza kuwa fupi sana, kutoka begini hadi kwenye mafiga.

Kitabu kinachozungumziwa hapa ni The Golem's Eye cha Jonathan Stroud, mwandishi wa Uingereza aliyezaliwa mwaka 1970. Kilitoka mwaka 2004, kikiwa cha pili baada ya The Amulet of Samarkand cha mwaka 2003. Ni riwaya ya kubuni iliyoandikwa kwa ajili ya vijana, na imesomwa nchi nyingi. Mzazi ana haki ya kuuliza inamfundisha nini mtoto wake. Tatizo ni kwamba wengi hujibu swali hilo kwa kutazama jalada.

Simulizi yenyewe iko hivi. Kuna London ya kubuni ambayo serikali yake yote, kuanzia waziri mkuu hadi mkuu wa polisi, ni watu wanaoita majini na kuyatumikisha. Wananchi wa kawaida hawana sauti. Watawala hawa wenyewe hawana nguvu yoyote mwilini. Kila wanachokifanya kinafanywa na jini waliyemlazimisha kwa maneno, kwa duara na kwa mateso. Wakikosea neno moja au mstari mmoja wa duara, jini huwamaliza hapo hapo. Majini ndiyo watumwa wa kitabu hiki, na mmoja wao, Bartimaeus, mwenye umri wa miaka kama 5,000, ndiye anayesimulia sehemu kubwa ya habari kwa kejeli nyingi.

Bwana wake ni kijana aitwaye Nathaniel. Katika kitabu cha kwanza alikuwa mtoto mdogo anayeonewa, na msomaji humhurumia. Cha pili kinamkuta ana miaka 14, amepewa kazi serikalini, anavaa suti ya kubana, na anatumia jina la kazi, John Mandrake. Alikuwa ameahidi hatamwita tena Bartimaeus. Kazi inapomwelemea, anamwita. Baadaye anamteka kijana asiye na kosa ili kumnasa msichana anayemtafuta. Haya yote anayafanya akiwa na sababu nzuri mdomoni, kwamba anailinda nchi.

Hapo ndipo kitabu hiki kinapowahusu wazazi. Vitabu vingi vya vijana humpa shujaa nguvu na kumsifu anapozitumia. Hiki kinamwonyesha kijana mwenye akili, aliyefaulu, akiharibika mbele ya macho ya msomaji kidogo kidogo, na mwandishi hamtetei.

Msichana anayetafutwa ni Kitty Jones, mtoto wa wananchi wa kawaida. Akiwa mdogo alikuwa akicheza mpira na rafiki yake Jakob, na mpira ukavunja kioo cha gari la mkubwa mmoja. Mkubwa akawatumia jini. Kitty alinusurika kwa sababu alizaliwa na mwili usiodhurika kirahisi na nguvu hizo, lakini uso wa Jakob uliharibika moja kwa moja. Kitty akaenda mahakamani akiamini ukweli unatosha. Mkubwa akadanganya, akaaminiwa, na Kitty ndiye aliyetozwa faini. Mtoto wa kidato cha pili hahitaji kuelezwa sana kwa nini sura hizo zinauma.

Neno moja linaloharibu mazungumzo

Sehemu kubwa ya ugomvi kati ya mzazi na mtoto juu ya vitabu hivi huanzia kwenye tafsiri. Mtoto akiulizwa kinahusu nini, hujibu haraka, "Wachawi, mama." Kwa Kiswahili cha Rungwe, mchawi si bwana mwenye suti aliyekaa ofisini na kuchora duara. Ni jirani anayeshukiwa usiku, anayekula watu na mazao yao. Ndiye Wanyakyusa waliyemwita undosi. Mama akisikia "wachawi", hilo ndilo analoliona, na ana sababu ya kuogopa.

Kiswahili kina neno linalokaribia zaidi. Watu husema fulani anafuga majini. Ndivyo walivyo watawala wa kitabu hiki, wafuga majini. Nalo jini lenyewe ni mgeni kidogo huku milimani. Limepanda kutoka Pwani pamoja na hadithi za Alfu Lela Ulela na filamu za video. Wazee wa Kinyakyusa walizungumza zaidi juu ya abasyuka, wahenga waliotangulia, wanaobaki kuwa sehemu ya ukoo. Jini halina ukoo. Haliombwi kwa heshima kama babu. Linashikwa na kulazimishwa, na kwa sababu hiyo linachukia.

Majini yameingia vitabuni kwetu siku nyingi, na kwa heshima zake. Shaaban Robert aliandika Adili na Nduguze, kilichotoka mwaka 1952, kikiwa na majini na ndugu wawili wanaogeuzwa manyani kwa sababu ya husuda. Wazazi waliokisoma shuleni hawakutoka darasani wakifuga majini. Walitoka wakijua husuda inavyoweza kuvunja nyumba.

Rungwe iliwahi kuliuliza swali hilo hilo

Mwaka 1935 mtafiti Monica Wilson alifika Rungwe, na pamoja na mumewe Godfrey walikaa na kuandika maisha ya Wanyakyusa hadi mwaka 1938. Kati ya mambo aliyoyaandika, moja linafanana kwa namna ya kushangaza na swali la kitabu cha Stroud. Wanyakyusa wa wakati huo waliamini kwamba nguvu ya undosi ilitokana na chatu aliye tumboni mwa mtu. Lakini walinzi wa kijiji, abamanga, ambao waliaminiwa kuwaona walozi usiku na kupigana nao ndotoni, walisemwa kuwa na nguvu ya aina hiyo hiyo. Asiye nayo asingeweza kuona chochote.

Kilichowatofautisha kilikuwa matumizi. Nguvu ikitumika kwa uchoyo na kwa siri, ni ulozi. Ikitumika kulinda kijiji, au kumrudi mtu aliyevunja desturi, iliitwa pumzi ya watu: majirani wakinung'unika kwa haki juu ya mkosaji, mkosaji aliaminiwa kushikwa na baridi na homa. Na hapo hapo palikuwa na wasiwasi, maana mgonjwa angeweza kudai kwamba kilichompata si pumzi ya watu bali chuki ya mtu mmoja. Nani aamue?

Si lazima mzazi Mkristo au Mwislamu wa leo aamini habari ya chatu ili aone uzito wa swali. Nathaniel anasema analinda nchi. Waliomtuma wanasema hivyo pia. Kitty na wenzake, wanaovunja na kuiba vifaa vya watawala, nao wanasema hivyo. Bibi aliyekulia Masoko au Kandete anaweza kulishika jambo hili haraka kuliko mwalimu wa fasihi.

Vivyo hivyo kuhusu majina. Katika kitabu, mfuga majini huficha jina alilozaliwa nalo, kwa kuwa jini likilijua linaweza kumgeuzia mashambulizi yake. Bartimaeus analijua jina la Nathaniel, na huo ndio uzi unaowafunga. Mtoto wa siku hizi huona ni ubunifu mtupu. Bibi, ambaye kwa desturi ya ukutila hakuruhusiwa kutamka jina la baba mkwe wake, hatashangaa kwamba jina ni kitu cha kuchungwa.

Liko jambo jingine ambalo Wilson aliliandika katika Good Company, kitabu chake cha mwaka 1951. Wavulana wa Kinyakyusa wa miaka kama 10 au 11 waliondoka kwa wazazi na kujenga vibanda vyao pembeni, wakaanza kijiji cha rika lao. Walilala huko. Lakini chakula walikwenda kula kwa mama zao, wakizunguka kwa makundi, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Nathaniel hakuwa na pa kurudi kula. Wazazi wake walilipwa pesa wakamtoa kwa mfuga majini akiwa na miaka kama mitano, na hawakuonekana tena. Ukimsoma ukiwa na picha ya wale wavulana na sufuria za mama zao, ubaridi wake wa miaka 14 hauhitaji jini wa kuueleza. Wazazi wenye watoto bweni watalisoma hilo kwa namna yao.

Je, kuna cha kuogopa? Kipo, na ni haki kukitaja. Kuna vifo vya vijana, tena vya kutisha. Kundi la Kitty linavunja kaburi la mtawala wa zamani na wengi wao hawatoki hai. Kuna sanamu kubwa ya udongo, golemu, inayobomoa mitaa, iliyochukuliwa kutoka hadithi za Wayahudi wa Prague, ambako Rabi Loew, aliyefariki mwaka 1609, husimuliwa kuwa aliiumba ili kuwalinda watu wake. Katika riwaya, mtu aliyejificha huiongoza kwa karatasi iliyo kinywani mwake na kuona kupitia jicho la udongo. Kwa mtoto wa darasa la tano anayeota vibaya, kitabu hiki ni kizito. Kwa wa miaka 13 au 14 kinabebeka. Maneno ya kuitia majini hayafundishwi, na kila anayejaribu njia hiyo hulipa.

Hofu ya kidini isibezwe. Biblia inakataza kuita pepo katika Kumbukumbu la Torati 18. Lakini Biblia hiyo hiyo, katika 1 Samweli 28, inasimulia kwa kirefu usiku ambao Mfalme Sauli alijibadilisha mavazi akaenda kwa mwanamke wa Endori, na watoto husomewa habari hiyo bila yeyote kuichana. Inasomwa kwa sababu inaonyesha mfalme aliyefika mwisho wake. Waislamu nao wana Sura nzima ya Al-Jinn, ya 72. Kusimulia jambo si kuliamrisha, na mtoto aliyepita Shule ya Jumapili anaweza kuelezwa tofauti hiyo kwa dakika tano.

Madhara makubwa zaidi hutokea nje ya kitabu. Mtoto huitwa mbele ya ndugu, huulizwa nani kampa, jina la rafiki hutajwa, na jioni hiyo familia ya rafiki tayari inasemwa kijijini kuwa ni ya kichawi. Hilo si jambo dogo katika nchi ambayo vikongwe wameuawa kwa kushukiwa tu. Sheria ya Uchawi, Sura ya 18, iliyoanzia mwaka 1928, haimhusu anayefanya uchawi peke yake. Inamgusa pia anayemtaja mwenzake kuwa mchawi. Na mtoto aliyechomewa kitabu haachi kusoma. Huhamia kwenye simu, chini ya blanketi, ambako mzazi haoni jalada wala ndani.

Kinachofaa zaidi ni kukaa naye karibu na jiko jioni moja ya baridi na kumwambia, "Haya mwanangu, nisimulie." Kiingereza kisiwe kizuizi; asimulie kwa Kiswahili au Kinyakyusa, na bibi awepo. Akifika mahali Nathaniel anapovunja ahadi, aulizwe, "Ungekuwa wewe?" Akifika mwishoni, pale Kitty anapokuwa na nafasi ya kukimbia lakini anarudi kulitoa karatasi kinywani mwa golemu na kumwokoa Nathaniel, adui yake, aulizwe kwa nini amerudi. Bartimaeus naye anamdanganya bwana wake kwamba msichana amekufa, ili aachwe aende zake. Je, huo ni uongo mbaya? Familia zinaweza kubishana juu ya hilo hadi chai ipoe.

Baada ya hapo mtoto ataulizia kitabu cha tatu, Ptolemy's Gate, kilichotoka mwaka 2005. Kina mwisho wa huzuni, na ni vizuri mzazi alijue hilo kabla hajaanza kukitafuta.