Kijana na Pikipiki: Mafunzo Kabla ya Kumpa Ufunguo



Hapa Kakuma na Kalobeyei pikipiki hutumiwa na kila mtu. Humpeleka mgonjwa hospitali, hubeba mgao wa chakula hadi nyumbani, na huwapatia vijana wengi riziki ya siku. Kijana akiomba kujifunza, mara nyingi anafikiria kuisaidia familia yake, na hilo ni jambo jema. Lakini Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29 duniani. Kijana akivunjika mguu, masomo yake husimama, mzazi huacha shughuli zake ili amuuguze, na mwenye pikipiki huja kudai hasara yake.

Karatasi hii inaeleza namna ya kumfundisha kijana hatua kwa hatua. Udereva haufundishwi kwa siku moja.

Sheria inasema nini?

Nchini Kenya mtu aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kuendesha gari, wala pikipiki ya kubeba abiria. Anayejifunza barabarani lazima awe na hati ya mwanafunzi wa udereva. Pikipiki hubeba abiria mmoja tu, na dereva na abiria wote wawili huvaa kofia ngumu na jaketi linalong'aa. Kabla ya kumlipa mtu yeyote fedha za leseni, ulizeni kwanza katika ofisi za kambi ni hati gani zinazohitajika. Leseni ya kununua njiani haimfundishi mtu kushika breki, na polisi wakiigundua itamletea mashtaka.

Upande wa kushoto

Wengi wetu tumetoka Kongo, Burundi, Rwanda, Sudan Kusini, Sudan, Ethiopia au Somalia. Katika nchi hizo zote magari hupita upande wa kulia. Kenya, kama Uganda na Tanzania, hutumia upande wa kushoto. Kijana aliyekuja akiwa mkubwa, au anayefundishwa na mjomba aliyezoea kwao, anaweza kukosea bila kujua. Kosa hilo hutokea hasa barabara ikiwa tupu: anatoka dukani, hakuna gari la kumkumbusha, naye anashika kulia. Likitokea lori mbele yake, kila mmoja anakwepa kuelekea upande aliouzoea, na wanagongana.

Mfundisheni hivi: kabla ya kuingia au kuvuka barabara, aangalie kulia kwanza, kisha kushoto, kisha kulia tena, kwa sababu gari la karibu zaidi hutokea kulia. Kila anapoondoka aseme kwa sauti, "Kushoto." Watoto wanaokwenda shule kwa miguu nao wafundishwe hivyo hivyo.

Hatua nne za kujifunza

1. Aanze na baiskeli. Aliye chini ya umri ajifunze kwa baiskeli kukaa upande wake, kuonyesha ishara ya mkono na kusimama kwenye njia panda.

2. Akifikia umri, aanzie uwanjani. Chagueni mahali pa wazi pasipo na watoto, asubuhi kabla ya jua kali. Kwanza asukume na kugeuza pikipiki injini ikiwa imezimwa, aujue uzito wake. Kisha ajifunze klachi na breki zote mbili. Kwenye mchanga asibane breki ya mbele kwa ghafla, maana gurudumu litateleza. Apunguze mwendo mapema.

3. Barabara za ndani ya kambi, mchana, bila abiria. Awe na hati yake na alama ya L, na mtu mzima mwenye leseni awe pamoja naye akimwangalia. Abiria hubadilisha uzito wa pikipiki na kuongeza umbali wa kusimama. Tena vijana wakipanda pamoja huanza kushindana.

4. Mwisho kabisa, abiria, usiku na barabara kuu. Barabara ya Lodwar kwenda Lokichoggio ina malori na mabasi yenye mwendo mkali, na usiku mifugo hulala barabarani. Asiende huko mpaka mwalimu wake aridhike.

Mwendo

Pikipiki inayokwenda kilomita 30 kwa saa hupita mita 8 hivi kila sekunde. Ikienda kilomita 60, hupita zaidi ya mita 16. Mtoto akiruka barabarani, dereva huchukua kama sekunde moja kabla mkono haujashika breki. Mwendo ukizidi mara mbili, nguvu ya kugonga huzidi mara nne. Ndiyo maana kwenye soko, shule na vituo vya maji mwendo uwe mdogo sana.

Laga ikijaa maji, msivuke, hata kama mvua haikunyesha hapa. Maji hutoka mbali na huja kwa ghafla.

Neno kwa wenye pikipiki

Ukimkabidhi kijana asiye na leseni pikipiki yako ili akuletee fedha kila jioni, unamsukuma akimbie, abebe watu watatu na afanye kazi mpaka usiku. Kofia moja ya dereva haitoshi; nunua na ya abiria. Kofia lazima ifungwe kidevuni. Isiyofungwa huruka kabla kichwa hakijafika chini.

Ajali ikitokea

Zuieni magari mengine kwanza. Msimwinue majeruhi kwa haraka, wala msimvue kofia kwa nguvu kama anapumua vizuri, kwani shingo inaweza kuwa imeumia. Damu ikitoka nyingi, bana jeraha kwa kitambaa safi bila kuachia. Piga simu 999 au 112, au tumeni mtu kituo cha afya kilicho karibu.

Mzazi, ufunguo uko mkononi mwako. Kijana atasema wenzake wote wanaendesha. Mwambie naye ataendesha, na umwonyeshe amefika hatua ya ngapi. Nawe ukipanda pikipiki, vaa kofia na ukatae kupanda watatu, kwa maana kijana hufuata anachokiona kuliko anachoambiwa.

Tafadhali ukimaliza kusoma, mpe jirani, na umsomee asiyejua kusoma.