Filamu ya kutisha ikimnyima mtoto wako usingizi

MTOTO wako wa miaka sita, ambaye amekuwa akienda msalani peke yake usiku bila shida, ghafla anakataa. Anataka taa iachwe ikiwaka. Akilala anajifunika gubigubi hata kukiwa na joto, na asubuhi unakuta shuka limelowa. Unampeleka zahanati apimwe mkojo, lakini hapatikani na ugonjwa wowote.

Kabla hujaanza kuhangaika na vipimo vingine, muulize yaya, au kaka zake wakubwa, ni filamu gani iliyoonyeshwa sebuleni Jumamosi iliyopita ulipokuwa sokoni.

Tuchukue filamu moja ambayo huenda wewe mwenyewe, msomaji, umewahi kuitazama: Halloween. Ilitengenezwa Marekani mwaka 1978 na mwelekezi John Carpenter kwa takriban dola 325,000, pesa ambazo huko Hollywood ni kama nauli ya matatu. Mwanamume mmoja anatoroka kutoka hospitali ya wagonjwa wa akili na kurudi Haddonfield, mji mdogo alikomuua dada yake akiwa na umri wa miaka sita. Usiku mmoja anawaandama vijana wa mji huo kwa kisu cha jikoni.

(Hapa ukurasa wa afya hauna budi kutia neno. Wagonjwa wengi wa akili hawana ukatili wowote, na mara nyingi wao ndio hudhulumiwa. Filamu za aina hii zimewapaka matope bila sababu.)

Umaskini wa waliotengeneza filamu hiyo unaonekana kila mahali ukijua pa kutazama. Kinyago cheupe cha muuaji kilinunuliwa dukani kwa bei isiyofika dola 2. Kilikuwa na sura ya mwigizaji William Shatner wa Star Trek, kikapakwa rangi nyeupe na matundu ya macho yakapanuliwa. Mji wa Haddonfield unaoonyeshwa kwenye filamu ni wa kubuni. Mitaa unayoiona ni ya California. Majani makavu yaliyotapakaa barabarani yalipakwa rangi, yakamwagwa, kisha yakaokotwa ili yatumike tena.

Mbona basi inatisha? Kwa sababu haina haja ya jumba la kifalme wala msitu wa mashetani. Muuaji anasimama kando ya ua wa miti mchana kweupe. Anasimama katikati ya nguo zilizoanikwa kwenye kamba, kisha hayupo. Mlango, dirisha, kabati la nguo, ngazi: vitu ambavyo mtoto wako anavyo nyumbani.

Mwoga anapotazama, sehemu ndogo ya ubongo yenye umbo la lozi hupiga kengele kabla hajapata muda wa kufikiri. Tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini. Moyo huenda mbio, ini huachilia sukari kwenye damu, kinywa hukauka, nywele husimama. Hata damu yenyewe hubadilika. Watafiti wa Leiden nchini Uholanzi waliwaonyesha vijana 24 wenye afya filamu ya kutisha na nyingine ya kuelimisha, wakachapisha matokeo mwaka 2015. Kemikali moja inayosaidia damu kuganda iliongezeka kwa asilimia 57 ya watazamaji wa ile ya kutisha, dhidi ya asilimia 14 kwa ile nyingine. Usiogope, hakuna aliyepata donge la damu. Lakini mwenye pumu ajue kwamba hofu na kilio vinaweza kuamsha kikohozi na kubanwa na kifua.

Wewe mtu mzima una breki. Sehemu ya mbele ya ubongo wako hukukumbusha kwamba hii ni sinema tu, mapigo hushuka, na ile nafuu inayofuata ndiyo raha uliyoilipia. Kwa mtoto mdogo breki hiyo haijakomaa.

Mwaka 1985 watafiti Cynthia Hoffner na Joanne Cantor waliwaonyesha watoto wa umri mbalimbali hadithi ya mwanamke mmoja. Wengine walimwona akiwa na sura ya kuvutia, wengine akiwa na sura mbaya. Katika baadhi ya picha alikuwa mpole, katika nyingine mkatili. Watoto wadogo zaidi walimhukumu sana kwa sura. Wakubwa walitazama matendo yake. Ndiyo maana mtoto wa miaka minne huota kile kinyago, ilhali dada yake wa miaka kumi haogopi kinyago: anawaza kama mlango umefungwa kwa komeo.

Sasa twende kwenye kosa ambalo wazazi wengi hufanya. Mtoto akilia usiku, tunamwambia, “Hakuna kitu, lala.” Hebu ikumbuke filamu yenyewe. Ndani yake kuna mvulana mdogo, Tommy, anayeona zimwi kupitia dirishani. Anamwambia msichana anayemlinda, naye anamhakikishia kuwa hakuna zimwi. Mwishowe ni Tommy aliyekuwa mkweli! Kisha daktari anampiga muuaji risasi sita, anaanguka kutoka roshani, na wakichungulia chini, hayupo. Filamu inaisha kwa kuonyesha vyumba vitupu huku pumzi zake zikisikika. Mtoto aliyeyatazama hayo amefunzwa kwamba muuaji hafi, na kwamba mtu mzima anayesema “hakuna kitu” hajui asemalo. Maneno yako yanagonga mwamba.

Ufanye nini basi? Kwa aliye chini ya miaka saba, maelezo marefu hayafui dafu. Mkumbatie, mpe maji au maziwa ya moto, kaa naye mpaka apate usingizi, mwachie taa ndogo na kidoli chake. Usimcheke, wala usiruhusu kaka zake wamtishe kwa shuka jeupe. Aliyezidi umri huo mweleze kinyago kilivyonunuliwa na majani yalivyopakwa rangi. Kisha fungeni milango pamoja, yeye mwenyewe ashike ufunguo.

Tena kuna sauti. Carpenter alisimulia kwamba aliionyesha filamu hiyo kwa msimamizi mmoja wa kampuni ya filamu kabla haijatiwa muziki, naye hakutishika hata kidogo. Muziki, alioutunga Carpenter mwenyewe, ndio uliomaliza kazi. Ukikuta kijana wa miaka kumi na mitatu tayari amekodoa macho mbele ya runinga, zima sauti kwanza halafu mjadiliane. Kufumba macho hakumsaidii sana maana masikio yanabaki wazi.

Bora zaidi asiitazame. Huko Marekani aliye chini ya miaka 17 haruhusiwi kuiona katika sinema bila mzazi au mlezi. Hapa kwetu, alama ya 16 au 18 inayowekwa na Bodi ya Uainishaji wa Filamu ina maana yake, ingawa yule wa banda la video huijali kama karatasi ya maandazi.

Chunguza pia ni usumbufu gani unaomkabili usiku. Anayeota ndoto mbaya huamka, kwa kawaida kuelekea alfajiri, akakusimulia alichoona, huyo mbembeleze. Mwingine hupiga mayowe saa za kwanza za usingizi, macho wazi, asikutambue, na asubuhi hakumbuki lolote. Huyo usimtikise ili aamke. Mlinde asijiumize, atatulia mwenyewe.

Hofu nyingi za filamu huisha kwa siku au majuma machache. Si zote. Mwaka 1994 jarida la madaktari la Uingereza, BMJ, liliripoti wavulana wawili wa miaka kumi waliougua kiwewe baada ya kutazama Ghostwatch, kipindi cha mizimwi kilichoonyeshwa na BBC usiku wa Oktoba 31, 1992.

Kama mwezi umepita na mtoto bado hali vizuri, anaogopa kwenda shule, anakojoa kitandani au hataki kubaki chumbani peke yake, usimchape. Mpeleke kwa daktari wa watoto au mshauri nasaha, na ukifika huko mtajie jina la filamu yenyewe.